Jumatano kwa Hortensia

Sikwenda kusali. Nilikwenda kutengeneza jiko.
Punta Arenas, mwezi wa kumi, upepo umebandua mabati
ya ghala la sufu na kuyatupa baharini kama karata,
na Hortensia Barría kanipigia simu: "Njoo kabla ya saa moja,
nina wageni, na gesi inanuka."

Wageni wenyewe wanane, viti sita.
Yerko, dereva wa lori la mbao, kakalia ndoo.
Eliana wa duka la mkate kavua viatu,
soksi moja ya bluu, moja si ya bluu.
Mzee Wladimir, ambaye sala zake hupoza supu.
Nikakaza nati, nikapaka sabuni, hakikutoka kipovu.
Nikasema nimemaliza. Hortensia akasema, "Hujala."

Basi nikala. Basi wakasoma,
kila mtu mstari wake, Biblia ikipita mkono kwa mkono
na madoa ya mafuta ya maandazi ukurasa hadi ukurasa.
Iliponifikia niliipitisha kama mtu apitishaye chumvi.
Nikaondoka. Spana namba kumi na saba
nikaisahau juu ya friji.
Nasema nikaisahau.

Jumatano iliyofuata nikaifuata. Na iliyofuata.
Hakuna aliyenikumbusha kwamba spana ni moja tu.

Mimi si mtu wa maneno. Wakiulizana,
"Tukuombee nini?" nilijibu, "Afya,"
na afya yangu ilikuwa ya farasi.
Mwaka mzima kasoro mwezi waliniombea afya,
Wladimir kwa kirefu, mbwa kalala juu ya miguu yangu,
mpaka usiku ule wa theluji nikaropoka:
nina ndugu ng'ambo ya mlango-bahari, Porvenir,
tumbo moja, ziwa moja,
na mwaka wa tisa huu hatujasemezana
kwa ajili ya kondoo arobaini wa marehemu baba.
Na kwamba niliwaiba.

Kimya. Jiko likapumua.
Yerko akanisogezea sukari. Hakuna aliyetafuta aya.
Sijui kama kimya kile kiliniponya au kiliniponza;
nililala kama mtoto.

Ijumaa, foleni ya mkate, mwanamke nisiyemjua
akaniuliza bei ya kondoo siku hizi.

Eliana.
Ulimi hauna mfupa, lakini wangu ulikuwa nao,
na nilikuwa nimeuvunja kwa ajili yao.
Jumatano hiyo nilibaki kwangu. Na ya pili. Na ya tatu.
Nilinunua spana nyingine.

Ya nne, upepo ukawa wa kung'oa vibao,
manispaa imefunga kamba mitaani
watu washike wasipeperushwe.
Dirishani namwona: mkono mmoja kamba,
mkono wa pili mkate ndani ya koti kama kichanga,
hatua tatu mbele, mbili nyuma,
kofia imekwenda zake Antaktika.

Nilimwacha agonge mara tatu. Naungama hilo pia.
Alikuwa na hotuba, nadhani; upepo ulimpokonya.
Alisema tu, "Ni mimi niliyesema."
Nikasema, "Najua."
"Nilitaka tukuombee wengi zaidi," akaanza,
kisha akajikatiza: "Hapana. Nilitaka kuwa na habari."

Mahubiri ya kusamehe nimeyasikia mengi.
Hayakunifundisha la kufanya na mkate wa moto
na mtu mwenye masikio mekundu kizingitini.
Nikaukata vibaya. Kipande kikubwa kikaangukia kwake;
nikakiacha hivyo.

Sikumsamehe siku ile. Nilimsindikiza tu,
kamba ile ile, yeye mbele, mimi nyuma,
hadi kwa Hortensia, tumechelewa,
na Wladimir, nilimsikia tangu barazani,
bado anaombea afya yangu.

Spana ilikuwa pale pale juu ya friji,
imefutwa vumbi.
Chini yake tiketi za feri, Jumamosi, Porvenir.
Mbili.
Yerko akaitazama ndoo yake.
"Mimi naugua bahari," akasema. "Utanishika."